Misumeno ya Mama Haiuzwi

Murubona, Kasulu
Februari 2015

Kaka yangu mpendwa Twalibu,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba barua hii ikukute mzima wa afya, wewe na wifi Mwanahawa na watoto, na joto la huko Tanga liwe limewahurumia kidogo. Sisi huku tu wazima. Mvua haijatuacha, asubuhi ni baridi ya kuvaa masweta mawili, na migebuka, samaki wa ziwani, imeadimika sokoni, basi tunakula maharage kwa heshima zake zote. Mama hajambo, ila goti lake la kushoto linamsumbua akipanda mlima. Mimi mdogo wako nimenenepa. Wifi asicheke.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Kaka, simu yako ya mwezi uliopita ndiyo iliyonifanya nitafute karatasi. Uliongea kwa haraka, ukaongea mengi, na mimi nilipovuta pumzi nikujibu, salio lako likaisha. Ulisema umekutana na mtu wa Kasulu huko stendi, akakuambia kwamba mama yako mzazi anazunguka milimani na chensoo begani kama mwanamume, na watu wanamtazama. Ukaniagiza niuze misumeno yote miwili, nimpandishe Mama basi aje kwako apumzike. Najua ulisema kwa uchungu wa mtoto. Lakini umeniagiza niuze kitu usichokijua. Tangu tulipomzika Baba mwaka 2012 umekuja huku mara moja tu, ukaondoka upesi, na mengi yamepita. Kaa nikusimulie.

Unakumbuka siku ya kugawana mirathi, wewe ulipopata kiwanja na mimi shamba, Mama akasema katika fungu lake anataka ile misumeno ya mnyororo aliyokuwa akikatia kuni Baba, mkubwa na mdogo. Watu waliguna. Mjomba Abbasi alidhani dada yake anaitaka ili aiuze, akaanza hata kumtafutia mnunuzi. Wewe ukarudi Tanga, Mama akabaki edani.

Yalianzia humo humo edani. Mama alikuwa chumba cha nyuma, hatoki, haonani na wanaume wasio maharimu wake. Wageni wa matanga walipokwisha kuondoka, kimya kikamwelemea. Asubuhi moja akaniambia nimpelekee msumeno mkubwa chumbani. Nilidhani anataka kuushika tu alie, maana ulikuwa na harufu ya Baba. Nilipompelekea chai nikamkuta ametandika kanga kuukuu sakafuni, ameufungua, vipande vimetapakaa, na oili imemchafua mpaka kwenye paji la uso. Akaniambia, "Yasmini, kidude hiki kimelala na mimi nyumba moja miaka yote, na sikuwahi kujua tumboni mwake mna nini."

Kuufungua kulikuwa rahisi. Kuurudisha kukamshinda, ikabidi nimwite Makarius. Unamkumbuka Makarius, yule mwenye asili ya Burundi aliyekuwa akikata kuni na Baba, anayekaa Nyakitonto na mkewe Aline. Sasa Makarius ataingiaje chumbani kwa mwanamke aliye edani? Akakaa uani karibu na dirisha, pazia limeshushwa, Mama ndani, na mimi mlangoni napeleka maneno. Makarius anasema, "Mwambie Mama chujio la hewa alikung'ute vumbi litoke." Mama anajibu kwa sauti kwamba anasikia, yeye si kiziwi. Makarius anasema, "Mwambie aitazame plagi. Kama kichwa chake ni cheusi na kimelowa, petroli ilitiwa oili nyingi mno." Mama ananiamuru nimwulize nyingi mno ni kiasi gani, na Makarius anaanza upya kueleza. Majirani waliopita njiani waliona mwanamume mzima anaueleza ukuta habari za kabureta.

Tuliendelea hivyo mpaka Mama akajua kila skrubu ya ile mashine. Akajifunza kunoa mnyororo kwa tupa, jino kwa jino, meno ya kulia na ya kushoto yakiliwa sawasawa, kwa kuwa upande mmoja ukizidi makali, msumeno hukata kombo na kwenda unakotaka wenyewe. Huyu ndiye Mama yetu ambaye Baba alikuwa akimtania kwamba hawezi kunoa hata kisu cha vitunguu.

Siku eda ilipokwisha, akaoga, akajifukiza udi, akavaa vizuri, ndugu wakaja. Mjomba Abbasi akafika na mnunuzi wake, bwana mmoja wa Kibondo. Mama akawakaribisha, akawapa chai. Kisha akautoa msumeno mkubwa uani, akaukanyaga kishikio kwa mguu kama alivyoelekezwa, akavuta kamba. Ukaunguruma kwa mvuto wa kwanza, kaka! Kuku wakapanda ukutani. Yule bwana akatabasamu, akasema anauchukua leo leo. Mama akauzima, akafuta mikono, akamwambia, "Nilitaka tu uusikie. Hauuzwi."

Mjomba alinuna miezi. Alisema yeye ni mtu wa duka la vitambaa, anaheshimika mjini, na mjane mwenye nduguze hufungua genge au huuza vitumbua. Mama alimjibu kwamba vitumbua vyake huwa vinashika chini, na yeye Mjomba anajua hilo, amevila.

Mwanzoni Makarius ndiye aliyekuwa akikata, na Mama akitafuta kazi. Alifuatilia kibali maliasili mwenyewe, akaenda kwa wenye mashamba ya mikaratusi, akakubaliana nao miti ipi ikatwe na ipi iachwe ichipue. Msitu wa hifadhi hatuugusi, hilo alilisema tangu siku ya kwanza. Kisha akamwambia Makarius amfundishe kukata. Alianzia kwenye magogo yaliyolala. Mara ya kwanza mnyororo ulipogusa gogo na unga wa mbao ukaruka, Mama alifumba macho. Makarius akauzima msumeno, akauweka chini, akasema kwa adabu kwamba yeye hamfundishi mtu anayefumba macho, maana hataki kumzika tajiri wa pili baada ya Baba. Mama alirudi nyumbani amekasirika. Kesho yake akaamka kabla yangu, akavaa suruali chini ya gauni, akafunga mtandio kwa nyuma, akavaa mabuti ya Baba na soksi za kujazia, akarudi. Hakufumba tena. Baadaye na mimi nikaomba nifundishwe, na msumeno mdogo ukawa wangu wa kutunza.

Mteja wetu mkubwa wa kwanza alikuwa Mzee Khamisi mwenye tanuri la mikate, yule mtu wa asili ya Ujiji aliyefiwa na mkewe kabla Baba hajafariki. Huyu mzee ni mgumu. Huchukua kuni mbili akazigonga pamoja, akazisikiliza. Shehena yetu ya kwanza aliigonga, akasema bado mbichi, irudi. Mama akagombana naye pale pale mlangoni, wateja wakiwa na mikate mkononi. Alimwambia kwamba marehemu mumewe alikuwa akimletea kuni mbichi kuliko hizi na alikuwa akizipokea. Mzee Khamisi akasema hata marehemu alirudishiwa, mara nyingi, na marehemu alikuwa anajua kutukana kuliko yeye. Kaka, Mama alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza namsikia akicheka tangu msiba. Akazirudisha kuni, akazipanga juani, akazipeleka zilipokauka. Tangu hapo mzee hanunui kwa mtu mwingine, na hajaacha kuzigonga.

Sikufichi na mabaya. Jioni mikono ya Mama hutetemeka kwa mtikisiko wa mashine mpaka kikombe cha chai hukishika kwa viganja viwili. Goti nimekwishakutajia. Vijana wa bodaboda walikuwa wakimpigia miluzi, wakimwita Mama Chensoo. Siku moja aliwageukia, akawaamkia kwa Kiha, "Mwakeye, wanangu," akautua msumeno chini, akasema atakayeuwasha atapewa. Walivuta kamba kila mmoja kwa zamu, wakaulowesha petroli, haukuwaka. Mama akafungua plagi, akaikausha kwa upindo wa mtandio, akairudisha, akavuta, ukawaka. Jina la Mama Chensoo limebaki, ila siku hizi wanalitamka wakiwa wamempokea mzigo.

Sasa nikuambie la Desemba, ambalo huyo mtu wako wa stendi hakukusimulia.

Tulikuwa Nyakitonto, tunakata kuni za jiko la shule. Makarius hakuwepo, alikuwa amekwenda Gwarama kumwuguza mama yake. Mchana ukaja upepo, si ule wa mvua ya kawaida, ni upepo uliolaza mahindi yote upande mmoja. Tukajibanza kwenye kibanda. Ulipotulia tukaona watu wanakuja wanakimbia, na wa mbele alikuwa jirani yake Makarius, Mzee Stanislaus, hana hata kiatu. Alisema mkaratusi umeiangukia nyumba ya Makarius, na Aline yumo ndani, anasikika.

Tulikwenda mbio na misumeno yote miwili. Tulikuta shina limelala juu ya ukuta wa tofali mbichi uliobomoka nusu, bati zimekunjwa kama karatasi. Aline alikuwa chini, amelaliwa mguu na mbao za paa, na lile shina liko juu ya kifua chake, limezuiwa na kile kipande cha ukuta tu. Ukuta wenyewe umelowa. Wanaume walikuwa wameshafunga kamba kwenye shina wanataka kulivuta. Mama alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia. "Acheni! Mkivuta linamshukia!"

Wakaacha. Mama akalala kifudifudi kwenye tope, akajiingiza chini ya bati mpaka akaonekana miguu tu. Nilimsikia Aline akisema, "Mana yanje, Mungu wangu, Mama Twalibu, unitoe." Mama akamwambia, "Nitakutoa, lakini nitapiga kelele sana juu ya kichwa chako. Ziba masikio, usijisogeze." Akatoka, akaagiza waliokuwepo walete magogo na mawe, wayapange chini ya shina pande zote mbili, wakaze kwa kabari. Walipanga. Mzee Stanislaus alikuwa akishindilia kabari kwa jiwe huku machozi yanamtoka.

Kisha Mama akawasha msumeno mkubwa, akaanza kukata kutoka juu, kwa kuwa chini hapakuwa na nafasi ya msumeno mkubwa kupita. Na hapo, kaka, akakosea. Nakuambia ukweli wote. Mti uliolala juu ya vitu viwili hubanana upande wa juu, na yeye anajua, ila haraka ilimchukua. Shina likaubana msumeno katikati ya mkato, mashine ikazimika. Aliuvuta, hautoki. Akauvuta tena. Ukuta ukamwaga tope kidogo, na Aline akalia.

Mama akanigeukia. Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba chumvi, "Mdogo uko sawa?" Nikasema nimeunoa asubuhi. Akasema, "Basi lala chini, kata kutoka chini kuja juu, kando ya mkato wangu. Mimi naushika huu usije ukaanguka. Ukiona mti unafunguka, simama."

Sijui niliwashaje. Nakumbuka nililala ubavu kwenye tope, nikaupitisha ule msumeno mdogo chini ya shina, na unga wa mbao ukawa unanimwagikia shingoni. Nilikuwa nasikia sauti ya Makarius, ile aliyokuwa akiuambia ukuta, kwamba usiulazimishe msumeno, uache ule wenyewe. Ukala. Mara nikaona ufa mweupe unafunguka, msumeno mkubwa ukaachiwa, Mama akauchomoa. Shina likagawanyika, kipande cha nje kikaanguka nje, na kile cha ndani kikakaa juu ya magogo yetu, hakikusogea. Tukakikata tena mpaka kikawa kifupi cha kubebeka. Wanaume wakakinyanyua, wakaondoa mbao, wakamtoa Aline.

Mguu ulivunjika. Gari la shule lilimleta hospitali hapa mjini, na sasa anatembea kwa fimbo na anagombana na kila anayetaka kumsaidia. Yuko hai, kaka. Makarius aliporudi kutoka Gwarama alipitia hospitali, halafu akaja kwetu. Alichukua misumeno yote miwili, akakaa uani, akaifungua, akaiosha kwa mafuta ya taa, akanoa jino moja moja huku analia, na Mama akamwacha. Alipomaliza akasema tu, "Ego, ndiyo, Mama. Iko tayari kwa kazi ya kesho." Akaenda.

Kwa hiyo ukiniuliza kwa nini sitauza, ni hayo. Nyakitonto nzima sasa wanajua yalipo makao ya misumeno ile. Mti ukianguka barabarani wanakuja kwetu. Nami najivuna, kaka, najivuna mpaka naona aibu. Nikipita sokoni watu wananiambia wewe ni wa Bi Kuruthumu, nami nanyoosha shingo.

Lakini barua hii nimeianzisha kwa sababu nyingine, na nimekuwa naizunguka kama ng'ombe asiyetaka kuingia zizini. Kama umesimama, keti. Mwite na wifi.

Mzee Khamisi amemposa Mama.

Ndiyo, huyo huyo wa tanuri. Aline alipokuwa hospitali, mzee alikuwa akimpelekea mikate, na kila akienda alimkuta Mama. Mimi sikushuku kitu, nilidhani wanagombana juu ya kuni. Ijumaa ya juzi, baada ya swala, Mjomba Abbasi akaja nyumbani amevaa kanzu nyeupe, anakohoa kohoa. Nilidhani amekuja tena na habari za kuuza. Akakaa, akasema Mzee Khamisi amewatuma wazee kwake, yeye akiwa ndiye walii, na kwamba mtu huyu ana dini na ana adabu, naye Mjomba ameridhia, limebaki jibu la dada yake. Kisha akaongeza, bila kuulizwa, kwamba watu dukani siku hizi wanamwuliza kama kweli yeye ndiye kaka wa Mama Chensoo, na hujibu ndiyo.

Mama hakujibu siku ile. Alimtuma Mjomba na swali: je, huyu bwana anataka mke wa kukaa ndani? Kama ndivyo, akatafute kwingine, wapo. Jibu lilirudi siku ya pili. Mzee Khamisi alisema hakuwahi kufikiri kumwachisha kazi, angepata wapi kuni kavu. Ila ameomba jambo moja, misumeno isilale chumba cha kulala, harufu ya petroli inamkaba. Mama amekubali kuihamishia stoo. Unaona mwenyewe jibu lake litakuwa nini, ingawa hajalitamka. Alisema hatalitamka kabla mwanawe mkubwa hajajua.

Nilijua utaumia. Hata mimi usiku ule niliona kama Baba anatolewa nyumbani mara ya pili. Lakini asubuhi nilimwona Mama uani, anachanganya petroli na oili, anaimba kwa sauti ndogo, na sikumbuki ni lini mara ya mwisho nilimsikia akiimba. Nikaacha kuumia. Nawe ukija ukimwona utaacha.

Amepita hapa sasa hivi akaniuliza kama nimeshafika pale pa Mzee Khamisi. Nikasema nimefika. Akauliza kama nimeandika kwamba anakuomba ruhusa. Kabla sijajibu akajijibu mwenyewe, na maneno yake nayaweka kama alivyoyatamka, akiwa amesimama mlangoni na tupa mkononi:

"Mwambie Twalibu simwombi ruhusa. Namwomba dua. Na mwambie aje, maana nataka siku hiyo mwanangu awe amekaa upande wangu."

Njoo, kaka. Njoo na wifi na watoto, vitanda vipo. Msalimie wifi Mwanahawa sana, wabusu watoto, na majirani zenu wanaotujua uwafikishie salamu zetu. Makarius na Aline wanakusalimu, na Mjomba Abbasi pia. Mola awalinde njiani na nyumbani.

Mimi mdogo wako akupendaye,

Yasmini